Kompyuta 14 za maabara: shajara ya diski zilizogoma

Jumamosi

Shule moja ya sekondari ya kata, nje kidogo ya mji wa Korogwe, imepata kompyuta 11 za mezani na laptopu 2 kutoka ofisi iliyokuwa inabadilisha vifaa vyake. Mwalimu wa kompyuta akaongeza moja ya shule yenyewe, ya zamani kuliko zote, iliyokuwa ofisi ya taaluma. Jumla 14. Nimezibandika namba kwa tepu nyeupe, na namba hizo ndizo nitakazotumia humu.

Diski za ofisi tulizitoa na kuzifuta mbele ya mwalimu, maana ndani yake kulikuwa na kazi za watu. Badala yake tumefunga SSD mpya (diski za chipu, zisizozunguka) za GB 240, isipokuwa namba 11, ambayo mkuu wa shule aliinunulia SSD ya NVMe (aina mpya na ya kasi zaidi) pamoja na adapta yake alipokwenda Kariakoo. Mfumo ni Debian 12, aina mojawapo ya Linux. Msaada wa kawaida wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na hakuna hata moja kati ya hizi inayotimiza masharti ya Windows 11, kwa hiyo mjadala wa mfumo haukuwa mrefu.

SSD ya kwanza niliiandaa nyumbani. Niliigawa kwa mpangilio wa GPT (jedwali la kisasa la kugawa diski), nikaweka GRUB, programu ndogo inayoanzisha Linux, ya namna zote mbili, ya BIOS (programu ya bodi kuu inayoiamsha mashine) na ya UEFI (mrithi wa BIOS), nikitumaini kwamba nakala moja itatosha kila mahali. Kisha nikainakili diski nzima kwenda kwenye zile nyingine. Leo tumefunga zote na kuwasha. Namba 1 hadi 7 zikabuti, yaani zikawasha mfumo. Saba zilizobaki zikagoma.

Mwalimu akaniuliza, “Fundi, isije ikawa tumeuziwa SSD feki?”

Nikachukua SSD ya namba 8, nikaichomeka kwenye namba 2. Ikabuti bila shida. Diski ni nzima, basi, na hapo ndipo ninapotaka kila fundi kijana aanzie. Kabla hujamlaumu muuza diski, iweke diski hiyo kwenye mashine unayojua inafanya kazi. Dakika tano zinakuokoa safari ya kwenda mjini na kurudi.

Baada ya hapo sikugusa bisibisi tena. Nilichora safu tatu kwenye daftari. Ya kwanza, diski haionekani kabisa kwenye BIOS. Ya pili, inaonekana kwa jina na ukubwa wake lakini mashine inasema hakuna mfumo wa kuwashia. Ya tatu, inaanza kisha inakwama njiani. Mteja ataziita zote “haiwaki”, lakini ni magonjwa tofauti na dawa zake hazifanani. Namba 14 na 11 ziliingia safu ya kwanza. Namba 8, 9, 10 na laptopu zote mbili, namba 12 na 13, zikaingia ya pili. Ya tatu ikabaki tupu.

Jambo moja lililotuchelewesha: flashi ya majaribio. Kwenye namba 8 niliweka USB ya kwanza katika mpangilio wa kubuti, mashine ikaipita kana kwamba haipo. BIOS nyingi za miaka ile huihesabu flashi kama diski ngumu. Unaingia kwenye orodha ya diski ngumu, unaipandisha flashi juu ya SSD humo humo, ndipo unarudi kwenye mpangilio mkuu. Mwalimu ameliandika ubaoni, na amefanya vizuri.

Jumapili

Nimefika baada ya ibada nikakuta namba 6 na 7, zilizobuti jana mbele ya macho yetu, zimegoma. Mwalimu alikuwa na wasiwasi. “Nimezizima jana kwa utaratibu, fundi. Swichi kubwa ya ukutani nayo nikaizima kabla ya kufunga mlango.”

Hakukosea chochote. Swichi ya ukutani ndiyo iliyoonyesha ugonjwa. Niliingia BIOS ya namba 6, tarehe ilikuwa imerudi nyuma miaka mingi. Betri ya CMOS, ile ya duara ya CR2032 inayotakiwa kutoa volti 3, ilisoma volti 1.9 kwenye multimita. Ya namba 7 ilisoma 2.2. Umeme ukikatwa kabisa, mashine inasahau mipangilio yote na kurudi kwenye ile ya kiwandani, na kwa hizi mbili ya kiwandani inatafuta mfumo kwenye mtandao kwanza. Nimebadilisha betri, nimepanga upya, nimechomoa waya wa umeme kwa nusu saa kisha nikawasha. Zimekumbuka. Nimepima na za mashine nyingine, nne nazo zimeondolewa.

Kwa wanaofanya kazi na Windows, betri hii ina balaa kubwa zaidi. Mipangilio ikirudi ya kiwandani, modi ya SATA (waya na tundu la kawaida la diski) inaweza kuhama kutoka AHCI, namna mpya ya kuongea na diski, kwenda IDE, namna ya zamani. Windows iliyopigwa chini ya AHCI inaanza kupanda, kisha inatoa kioo cha buluu chenye namba 0x7B, yaani imeshindwa kuifikia diski yake yenyewe. Mafundi wengi hupiga Windows upya hapo na kufuta data ya mtu, kumbe ni kurudisha modi na kununua betri.

Mchana wote ukaenda kwa namba 8, 9 na 10. Ni mashine za aina moja, za Core 2 Duo. BIOS inaitaja SSD vizuri, kisha inadai hakuna mfumo. Ili kuelewa, lazima uitazame sekta ya kwanza ya diski. Ina baiti 512 tu: 446 za msimbo wa kuanzia, nafasi nne za patisheni (vipande vya diski) zenye baiti 16 kila moja, na baiti mbili za mwisho, 55 na AA, ambazo ni kama mhuri. BIOS ya kawaida inatazama mhuri, ikiukuta inaruka kwenye msimbo na kazi yake imekwisha. Diski ya GPT nayo inaitunza sekta hiyo kama mlinzi wa getini, ikiwa na patisheni moja tu ya aina EE inayosema “diski hii ina mwenyewe”.

Lakini BIOS za hizi tatu haziridhiki na mhuri. Zinatafuta pia patisheni iliyotiwa alama kuwa ni hai, namba 80 mwanzoni mwa mojawapo ya zile nafasi nne. Kwenye GPT alama hiyo kwa kawaida haipo, hivyo zinaikataa diski nzima. Nilibuti flashi ya Debian na kuandika amri moja:

parted /dev/sda disk_set pmbr_boot on

Namba 8 ikabuti. Sikuamini haraka. Nikaiondoa alama kwa kuweka off, ikagoma. Nikairudisha, ikabuti tena. Hapo ndipo nikaandika kwamba nimeijua sababu. Namba 9 na 10 zikafuata.

Alama hii siitii kwenye nakala kuu. Kanuni za UEFI zinataka sehemu hiyo iwe sifuri, na zipo mashine za UEFI zinazoikataa diski ikiwa na alama. Inatiwa panapohitajika tu.

Jumanne

Leo ni namba 14, mashine ya taaluma. Imetengenezwa mwaka 2004 hivi, Pentium 4 ya biti 32, na mwalimu wa taaluma anaipenda kwa sababu printa yake ya zamani ina plagi ile pana ambayo mashine nyingine hazina. Nakala yetu ya biti 64 isingeifaa kwa vyovyote. Debian 12 bado ina kisakinishi cha biti 32, Debian 13 haina tena, kwa hiyo hii itaishi na 12 hadi mwisho wake.

Hata hivyo hilo halikuwa tatizo la kwanza, maana SSD haikuonekana kabisa. Nilibadilisha waya wa data, nikabadilisha tundu, nikabadilisha waya wa umeme. Diski yake ya zamani ya GB 80 ikirudishwa inaonekana papo hapo. SSD ikirudi, BIOS inakaa kimya sekunde kadhaa kisha inasema tundu ni tupu.

SATA ya kizazi cha kwanza inakwenda kwa gigabiti 1.5 kwa sekunde, ya pili 3, ya tatu 6. Kwa utaratibu uliowekwa, diski na kidhibiti (chipu ya bodi kuu inayoongea nayo) hupeana salamu mwanzoni na kukubaliana kasi ya juu kabisa ambayo wote wawili wanaiweza. Baadhi ya vidhibiti vya miaka ile ya mwanzo havikujifunza salamu hiyo sawasawa. Vikisalimiwa na diski ya kasi kubwa zaidi, mazungumzo hayafiki popote, na kwa BIOS ni kama hakuna kitu kilichochomekwa. Watengeneza diski ngumu walilijua hilo, ndiyo maana diski nyingi za kizazi cha pili zina pini ndogo nyuma, pembeni ya tundu la data, za kuwekea jampa (kifuniko kidogo kinachounganisha pini mbili) ili diski ijilazimishe kwenye 1.5. SSD hizi hazina pini hizo.

Kwenye boksi langu nilikuwa na diski ngumu ya GB 250 ya enzi hiyo. Nafasi ya jampa hutofautiana kati ya kiwanda na kiwanda, usikisie. Lebo ya juu ya diski ina mchoro. Nikaweka jampa, nikawasha, BIOS ikaitaja jina lake. Ningeweza pia kutumia kadi ya SATA ya PCI yenye BIOS yake ndogo, au adapta ya kuichomeka SSD kwenye tundu la zamani la IDE, lakini diski ilikuwepo na jampa ilikuwepo. SSD iliyobaki imekuwa spea ya maabara.

Wakati wa kugawa diski niliweka patisheni ndogo ya /boot (panapokaa kerneli, kiini cha Linux), GB 1, mwanzoni kabisa. Ni tabia niliyofundishwa na fundi aliyenilea kazini, na sababu yake ni historia yote ya mashine hizi. BIOS za mwanzo zilihesabu diski kwa silinda, vichwa na sekta. Ukichanganya mipaka ya BIOS na mipaka ya diski zenyewe, unabaki na silinda 1,024, vichwa 16 na sekta 63. Zidisha kwa baiti 512 unapata baiti 528,482,304, na chochote kilichozidi hapo hakikufikika. Baadaye mpaka ukasogea hadi GB 8.4. Kisha ikaja hesabu ya biti 28, ambayo mwisho wake ni GB 137. Baada ya hapo biti 48, na huko hatujafika ukingoni. Mashine inayojua biti 28 tu inaweza kubuti vizuri mwaka mzima, halafu siku kerneli mpya inapoandikwa ng'ambo ya GB 137 inagoma, na mwenye mashine anaapa kwamba hakuna alichogusa. Ukiiweka /boot mwanzoni, kerneli haitavuka mpaka huo kamwe.

Namba 14 imebuti saa kumi jioni. Mwalimu wa taaluma amechapisha ukurasa mmoja na kuuweka kwenye faili.

Alhamisi

Siku nzima imeishia kwenye mashine moja, namba 11, na siijutii.

Ni ya mwaka 2012 hivi. Adapta ya NVMe imekaa vizuri kwenye tundu refu la PCIe. BIOS haioni chochote. Nikabuti flashi ya Debian, nikaandika lsblk, amri ya kuorodhesha diski, na hiyo hapo: nvme0n1, na patisheni zake zote.

Mwalimu akainama karibu na kioo. “Mbona Linux inaiona na BIOS haiioni? Si mashine ni hiyo hiyo?”

Swali lake ndilo kiini cha mradi huu wote. BIOS ni programu, imeandikwa mwaka fulani na watu fulani, nayo inajua vifaa walivyovijua watu hao. Linux inakuja na draiva (programu za kuendesha vifaa) zake yenyewe, mpya, lakini haiwezi kuzitumia mpaka iwe imeshaingia kwenye kumbukumbu ya mashine. Nani anayeiingiza? BIOS. Nilimpa mfano wa pantoni ya Kigamboni. Ukishafika ng'ambo unaweza kwenda utakako, barabara zipo. Lakini maji lazima uvushwe, na pantoni inapakia penye gati tu. Kanuni za NVMe zilitoka mwaka 2011, na madabodi (bodi kuu za mashine) zilianza kwa wingi kuja na draiva yake kuanzia mwaka 2014 hivi. Namba 11 haina gati la NVMe. Ina gati la SATA na la USB.

Kwa hiyo mpango wangu ulikuwa kuwashia kwenye flashi na kuishi kwenye NVMe. Jaribio la kwanza niliweka GRUB peke yake kwenye flashi, nikaiacha /boot kwenye NVMe. Mashine ikaanza, kisha ikasimama kwenye kioo cheusi chenye maneno grub rescue. Nilipaswa kulijua hilo kabla. Kwenye mashine ya BIOS, GRUB nayo inasoma diski kupitia BIOS ile ile. Bado ni abiria. Asiye na gati ni asiye na gati.

Jaribio la pili nikahamishia /boot nzima kwenye flashi ya GB 8: kerneli, initrd (furushi la draiva za kuanzia), na GRUB. Nikairekebisha fstab (faili ya orodha ya patisheni za kufunguliwa) kwa UUID (namba ya kipekee ya kila patisheni), wala si kwa majina kama sdb, maana majina hayo hubadilishana ukichomeka kifaa kingine. Nikahakiki kwa lsinitramfs kwamba draiva ya NVMe imo ndani ya initrd. Isipokuwemo, kerneli itafika ng'ambo na kukosa barabara. Kisha grub-install kwenye flashi, update-grub, nikazima, nikawasha. Flashi ikawaka taa sekunde chache, kerneli ikaingia, na kuanzia hapo kila kitu kikatoka kwenye NVMe kwa kasi ambayo mashine hii haijawahi kuiona.

Njia nyingine zipo. Programu ya kuwashia iitwayo Clover kwenye flashi hufanya kazi hiyo kwa mtindo wa UEFI. Wako pia wanaoingiza draiva ya NVMe ndani ya BIOS yenyewe na kuiandika upya. Mimi hiyo ya mwisho nimeikataa kwa mashine ya shule. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, madabodi inakufa, na hapa hatuna kifaa cha kuiandika chipu kwa nje.

Flashi inayoning'inia mbele ya mashine kwenye chumba cha wanafunzi arobaini haitakaa wiki. Nimetumia waya mfupi unaoingia kwenye pini za USB zilizo juu ya madabodi, flashi ikakaa ndani ya kava. Nakala yake nimeifunga kwa tepu humo humo. Nimemwandikia mwalimu kwamba kila kerneli ikisasishwa, nakala hiyo itengenezwe upya.

Ijumaa

Laptopu. Hizi ni za UEFI tupu, hazina upande wa BIOS ya zamani. Kosa hapa lilikuwa la nakala yangu. Kwenye UEFI, jina la mfumo na njia ya faili yake huandikwa kwenye kumbukumbu ya kudumu ya madabodi, na kunakili diski hakunakili kumbukumbu hiyo. Laptopu inapoletewa diski ngeni, inatafuta faili moja tu ya dharura, EFI/BOOT/BOOTX64.EFI, na mimi sikuwa nimeiweka. Nimeendesha grub-install kwa --force-extra-removable, namba 12 imebuti.

Namba 13 ikakataa hata hiyo. Yenyewe inatafuta njia ya Windows peke yake. Nimetengeneza folda EFI/Microsoft/Boot, nikaweka humo nakala za faili za Debian, ya kwanza nikaipa jina bootmgfw.efi. Imekubali. Faili hizo hazitasasishwa zenyewe, hilo nalo limo kwenye daftari la mwalimu.

Jumamosi ya pili

Nilikuja kukabidhi. Tumewasha zote saa mbili asubuhi. Kumi na tatu zimebuti. Namba 14 ikasema hakuna diski.

Nikabonyeza Ctrl, Alt na Del. Ikabuti. Nikaizima, nikawasha papo hapo, ikabuti. Tukaiacha imezimwa kabisa kwa saa mbili tukinywa chai na kufunga waya za maabara, tukaiwasha: hakuna diski. Ctrl, Alt, Del: ikabuti.

Nilisogeza sikio karibu. Diski ya GB 250 ikiwa imepoa inachukua muda kufikia mzunguko wake, unaisikia ikipanda taratibu, na BIOS inaita majina kabla haijafika. Ikiwa tayari inazunguka inajibu. Ile ya GB 80 ilikuwa nyepesi kuamka. Kwenye BIOS kulikuwa na kipengele cha kuwaka haraka kinachoruka upimaji wa kumbukumbu. Nimekizima, ili upimaji huo uipe diski sekunde za ziada. Tumejaribu mara mbili baada ya kuipoza, imebuti zote mbili. Afya ya diski kwa smartctl, programu ya kupima diski, ni nzuri, hakuna sekta iliyohamishwa.

Mara mbili hazinitoshi. Usiku wa Korogwe una baridi kuliko mchana wa leo, na mashine itakuwa imelala siku nzima ya Jumapili. Mwalimu wa taaluma amekubali asiiwashe mpaka nifike. Jumatatu saa moja asubuhi nitakuwa mlangoni, na nimeweka kadi ya SATA ya PCI na ile SSD ya spea kwenye begi.